Uliza Karani: Aliletwa kortini saa ngapi?

Mwezi uliopita, nikijibu swali la mpaka wa shamba, niliteleza nikaandika kwamba katika miaka 31 niliyokaa kortini kama karani na mkalimani, ni mara chache nilimwona mkubwa akivunja sheria. Nilichokiona ni sheria zikirekebishwa, kwa utaratibu wote, na mimi mwenyewe nikiyabandika marekebisho kwa gundi kwenye vitabu vya hakimu. Sentensi mbili tu, na zimeniletea barua nyingi kuliko mashamba yote ya mwaka huu. Wenye mashamba mtanisamehe, mtangoja mwezi ujao. Mawe ya mpaka hayaendi popote, ingawa najua kuna majirani watakaonibishia hapo.

*Mzee Karani, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, mwaka wa pili. Baba yangu ni mtu wa Nyayo damu: anasema enzi za Moi kulikuwa na maziwa ya shule na nidhamu, na kila jambo lilipitishwa na Bunge. Sasa nyinyi mnaposema udikteta mnamaanisha nini, kama sheria ilifuatwa?*
*Mwanafunzi, Eldoret*

Marahaba, mwanangu. Baba yako hasemi uongo. Maziwa ya Nyayo yalikuwepo. Wanangu waliyanywa, zile pakiti za pembetatu, na nyingine zikaja nyumbani chini ya sweta. Na ni kweli kila kitu kilipita Bungeni. Hapo hasa ndipo nataka ukae na baba yako, bila kugombana, mkiwa na kalenda.

Nikueleze kwanza kazi yangu ilivyokuwa. Sheria ikibadilishwa, Mpiga Chapa wa Serikali hutoa karatasi mpya. Zinafika kortini ndani ya bahasha ya kahawia. Karani anachukua mkasi, anakata kipande, anapaka gundi, anakibandika juu ya kifungu cha zamani. Ukibandika vizuri, hakimu hata hajui kwamba chini yake kulikuwa na maneno mengine. Nilikuwa hodari wa kazi hiyo. Kuna hakimu aliyeniambia ningekuwa fundi cherehani ningetajirika.

Juni 1982 kikafika kifungu cha 2A cha Katiba. Kilikuwa kifupi: Kenya itakuwa na chama kimoja tu cha siasa, nacho ni KANU. Utawasikia watu wazima wakikwambia kwamba Rais Moi aligeuka mkali kwa sababu wanajeshi wa anga walijaribu kumpindua tarehe 1 Agosti mwaka huo. Tazameni kalenda, wewe na baba. Kifungu kilitangulia jaribio la mapinduzi kwa karibu miezi miwili.

Mwaka 1986 ikaja bahasha nyingine. Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wakaondolewa kinga ya kazi zao. Kwa lugha ya nyumbani ni hivi: zamani, kumfukuza mmoja wao kulitaka jopo likae, sababu zitajwe, ushahidi usikilizwe. Kuanzia hapo likatosha neno la rais. Mwaka 1988 zamu ikawafikia majaji. Na ndani ya marekebisho hayo hayo mlikuwa na jambo ambalo watu hawakulitilia maanani kwa kuwa walikuwa wakizungumzia majaji: polisi, ambao walitakiwa kumfikisha mshukiwa kortini ndani ya saa 24, sasa waliweza kukaa naye siku 14 kama kosa lake ni la adhabu ya kifo. Baba yako akiuliza kosa la kifo linamhusu vipi mtu mwema, mwambie uhaini ulikuwa kosa la kifo, na wizi wa kutumia nguvu pia, na anayesema umekamatwa kwa kosa gani ni yule yule aliyekukamata. Kipande chenyewe cha karatasi hakikuzidi kiganja changu. Kilichukua gundi kidogo sana.

Sasa fikiri wewe ni raia wa 1989, umeumizwa, unakimbilia Mahakama Kuu. Katiba ilikuwa na kifungu cha 84 kilichokupa ruhusa hiyo waziwazi. Mwaka huo jaji Norbury Dugdale aliamua kwamba kifungu hicho hakiwezi kutumika, kwa sababu Jaji Mkuu hakuwa ametunga kanuni za kukitumia. Hakuna aliyeifuta sura ya haki za raia. Ilikuwa palepale kitabuni, nzima, haina hata kipande cha karatasi juu yake. Ilikosa fomu.

Majaji walirudishiwa kinga yao mwaka 1990, na Desemba 1991 kifungu cha 2A kikaondolewa. Nikabandika tena, kwa gundi ile ile. Kufikia hapo Katiba ya hakimu wangu ilikuwa imevimba kama mkate wa sinia, haifungiki mpaka uiwekee kitabu kingine juu.

Kwa hiyo mimi na baba yako tunakubaliana, utaratibu ulifuatwa. Muulize jambo moja tu: kwa kila kipande nilichokibandika kabla ya 1990, madaraka yalitoka kwa nani yakaenda kwa nani? Mimi sikumbuki hata kimoja kilichoyatoa juu kikayaleta chini.

*Eti mzee, 1988 watu walipiga kura kwa kupanga foleni nyuma ya picha? Mwalimu wetu anasema hivyo. Mimi nasema anatunga.*
*Asiyeamini, Voi*

Mwombe mwalimu radhi. Uliitwa mlolongo. Ilikuwa Februari 1988, KANU ikiteua wagombea wake wa ubunge, na kwa kuwa chama kilikuwa kimoja, uteuzi ndio uliokuwa uchaguzi. Aliyepata asilimia 70 au zaidi kwenye foleni alipita moja kwa moja. Kura ya siri ya Machi haikumhusu.

Mimi nilisimama kwenye uwanja wa shule ya msingi, mahali nisipopataja, saa tatu asubuhi, kadi ya chama mfukoni, maana asiye na kadi hakuruhusiwa kupanga. Mawakala wawili walishika picha. Nyuma ya picha ya mbunge aliyekuwepo kulikuwa na watu wachache hivi kwamba niliweza kuwataja kwa majina, na wengi wao walikuwa wa ofisi. Nyuma ya picha ya mpinzani wake, mwalimu mstaafu, foleni ilitoka uwanjani, ikazunguka vyoo vya shule, ikatokea barabarani. Mwanamke mmoja alikuwa na mtoto mgongoni. Mtoto akalia, watu wakacheka, wakasema naye ahesabiwe.

Msimamizi alipita na fimbo akigusa mabega. Moja, mbili, tatu. Alipofika kwenye vyoo hakuzunguka. Akageuka, akarudi mezani, akaandika, akatangaza: foleni fupi imeshinda, tena imevuka asilimia 70.

Watu walitazamana. Mmoja akapaza sauti zihesabiwe upya. Zihesabiwe zipi? Kura zilikuwa ni sisi wenyewe, na nusu yetu tulikuwa tumeshaanza kurudi makwetu kuwahi kazi. Huo ndio uliokuwa ufundi wa mlolongo: ukivunjika, ushahidi umekwenda nyumbani kula.

Viongozi wa dini waliupinga hadharani, wakiwemo maaskofu Alexander Muge na Henry Okullu na mchungaji Timothy Njoya, wakati ambapo kusema hivyo hakukuwa mchezo. Mwishoni mwa 1990 chama chenyewe kikauacha.

Utaniuliza mimi nilisimama foleni gani. Ile fupi. Bwana DO, ofisa wa serikali wa tarafa yetu, alikuwa amesimama chini ya mwarobaini akitazama, na mshahara wangu ulikuwa na watoto wanne.

*Karani, acha kutuchosha na haki za binadamu. Afrika inahitaji kiongozi mkali. Demokrasia hailiwi. Watu wakiogopa, kazi zitafanyika.*
*Mkereketwa, Thika*

Ndugu yangu, sina ugomvi na ukali. Hakimu mkali kuliko wote niliowatumikia aliwahi kumwachilia mshukiwa wa wizi wa ng'ombe kwa sababu polisi walichelewa kumleta. Mkuu wa kituo alijitetea kwamba gari halikuwa na petroli. Hakimu akamwambia angemtembeza. Sisi sote tulitetemeka, hata mimi niliyeshika faili tu. Huyo ndiye kiongozi mkali ninayemjua. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa amehamishiwa kaskazini, mahali ambapo barua huchukua wiki mbili, na aliyekuja badala yake alikuwa mpole sana.

*Kaka Karani, mwanangu wa miaka 22 alichukuliwa Jumanne usiku na wanaume wanne, gari halina nambari. Nimezunguka vituo vitatu, kila mahali naambiwa hayumo kwenye OB, kitabu cha matukio cha polisi. Leo siku ya tatu. Jirani ananishauri ninyamaze, eti nikipiga kelele watamdhuru.*
*Mama, Likoni*

Barua hii haikungoja toleo. Mhariri alinipigia simu siku ile ile ilipofika, na mama nimeshazungumza naye. Kijana alionekana siku ya tano, ameachwa kando ya barabara usiku, hana viatu, yu hai. Namshukuru Mungu. Naandika jibu kwa ajili ya wengine, maana barua za namna hii hazikuwa zikinifikia zamani. Sasa zinafika. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, KNCHR, ilihesabu visa 82 vya watu kutekwa kati ya Juni na Desemba 2024, baada ya maandamano ya vijana kuhusu Muswada wa Fedha.

Jirani ana nia njema, lakini usimsikilize. Wanaomshikilia mtu bila kumwandika wanategemea jambo moja, kwamba hakuna karatasi mahali popote yenye jina lake na saa. Kazi yako ni kuitengeneza karatasi hiyo, na kuitengeneza haraka.

Ukifika kituoni usiulize, "Yumo?" Watakujibu hayumo, na mazungumzo yamekwisha. Sema, "Nimekuja kuandikisha taarifa ya mtu aliyetekwa." Hapo askari analazimika kufungua OB kwa ajili yako. Usiondoke bila namba ya OB, tarehe na saa. Akikataa, toa daftari mbele yake, andika wewe: kituo, saa, na namba iliyoko begani pake. Nimewaona askari wengi wakibadili mawazo baada ya kuona mama anaandika namba ya bega.

Kisha keti na mtu anayejua kuandika, mpange mambo haya kabla hayajasahaulika: jina lake lote, namba ya kitambulisho, alivaa nini, gari la rangi gani, walisema nini, walitumia lugha gani, simu yake ilizimwa saa ngapi, nani aliona. Nguo watu huzisahau. Majaji huziuliza.

Sasa sheria yenyewe. Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010 imezirudisha zile saa 24: mtu aliyekamatwa afikishwe kortini kabla hazijapita, na zikiishia nje ya muda wa mahakama au siku isiyo ya kazi, basi siku ya mahakama inayofuata. Halafu kuna ibara ya 25, ambayo ningependa kila nyumba iibandike ukutani. Inataja mambo manne ambayo hakuna sheria, hakuna waziri, hakuna hali yoyote inayoweza kuyapunguza: kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kupata kesi ya haki, na amri ya habeas corpus. Hiyo ya nne ndiyo yako, mama. Jina ni la Kilatini lakini jambo lenyewe ni rahisi. Jaji anamwambia anayemshikilia mtu: mlete hapa mbele yangu, nimwone kwa macho yangu, halafu uniambie unamshikilia kwa sababu gani.

Utasema huna pesa ya wakili. Soma ibara ya 22. Unaweza kwenda kortini kwa niaba ya mtu ambaye hawezi kwenda mwenyewe. Hutozwi ada ya kufungua ombi la namna hiyo. Na mahakama, ikibidi, itapokea hati isiyo rasmi. Barua ya mkono kwenye karatasi iliyochanwa kwenye daftari la hesabu inaweza kutosha. Nenda masjala ya Mahakama Kuu, mwambie karani unataka kufungua ombi la kikatiba na hati ya dharura. Akikuambia urudi Jumatatu, mwambie umetumwa na karani mwenzake mzee. Wakati huo huo mtu mwingine wa familia awapelekee KNCHR, IPOA (chombo cha kusimamia polisi) na Chama cha Mawakili nakala ya ile namba ya OB. Hao wote wana watu Mombasa.

Nisimame kidogo kwenye hiyo ibara ya 22, kwa kuwa vijana huiona kama jambo la kawaida. Mwaka 1989 Wangari Maathai alikwenda Mahakama Kuu kuzuia jumba la ghorofa 60 lisijengwe ndani ya Uhuru Park. Kesi ikatupwa. Aliambiwa hana haki ya kushtaki, kwamba bustani ya umma ikiharibiwa yeye kama yeye hajadhurika kuliko mtu mwingine. (Jaji alikuwa Dugdale yule yule. Mwanafunzi wa Eldoret, naona unatabasamu.) Jumba halikujengwa, lakini si kortini alikoshinda. Februari 1992 akawa bustanini humo humo, amekaa na akina mama ambao wana wao walikuwa wafungwa wa kisiasa, wakifunga kula, mpaka polisi wakaja na virungu na gesi, na baadhi ya akina mama wakavua nguo kuwalaani. Walihamia Kanisa Kuu la All Saints na wakakaa humo karibu mwaka mzima. Waliyoyadai kwa njaa, wewe leo unaweza kuyadai kwa karatasi ya daftari, na usiionee haya karatasi yako.

*Karani, sisi wa Tanzania tunashangaa kusikia kwamba Kenya mahakama ilifuta uchaguzi wa rais. Kwetu husikii kitu kama hicho. Ni woga wa majaji wetu au ni nini?*
*Mvuvi, Tanga*

Msiwaonee majaji bure. Ibara ya 41 ya Katiba yenu, ibara ndogo ya 7, inasema Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza mtu kuwa amechaguliwa Rais, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo iko Arusha hapo hapo kwenu, iliamua Julai 2020 kwamba kifungu hicho kinakiuka Mkataba wa Afrika. Lakini mwishoni mwa 2019 serikali yenu ilikuwa imeshatoa taarifa ya kuliondoa lile tamko lililomruhusu raia kuigongea mahakama hiyo mlango moja kwa moja.

Nanyi msitutamani mno. Ni kweli, tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilifuta uchaguzi wa rais, majaji wanne dhidi ya wawili. Siku hiyo hiyo rais aliyeshindwa kesi akawaita wakora mbele ya umati. Miaka miwili baadaye Tume ya Huduma za Mahakama ikampelekea majina ya majaji 41 awateue. Kazi yake hapo ni kutia sahihi, na Mahakama Kuu ilisema hivyo mwaka 2020. Hakutia. Majina yalikaa. Mmoja wao akafariki akingoja. Juni 2021 akawateua 34, akawaacha sita, nao wakaapishwa Septemba 2022 na rais aliyefuata. Hakukuwa na kifungu kilichobadilishwa wala bahasha ya kahawia. Kalamu ililala tu mezani. Ujanja huo enzi zetu hatukuujua. Tulidhani lazima kuwe na gundi.

*Karani, baba yangu alihukumiwa 1987, jioni, bila wakili, akishtakiwa kuwa mwanachama wa Mwakenya, kundi la siri lililoipinga serikali. Alikuwa ametoka kwenye vyumba vya chini ya ardhi, amesimamishwa ndani ya maji siku nyingi. Alisema "ni kweli" ili akalale. Alikaa jela miaka minne. Amefariki 2009. Wewe unaandika vizuri na unatuchekesha. Lakini kila kesi ile ilikuwa na karani. Ulikuwa wapi?*
*Binti, Nakuru*

Binti, nilikuwa pale.

Yaliyofanyika chini ya Nyayo House, lile jengo la serikali Nairobi, siku hizi si siri. Vyumba vile vilifunguliwa watu waone mwaka 2003, na mwaka 2010 Mahakama Kuu ikaamuru kundi la walioteswa humo walipwe fidia. Baba yako hakuifikia siku hiyo ya fidia, pole sana. Mimi nitakueleza ya juu ya ardhi, ya upande wetu.

Korti niliyokuwa siitaji. Ilikuwa 1987, msimu wa mvua. Nilikuwa nimeshafunga rejista. Kufunga rejista ni hivi: jioni, kesi zikiisha, unapiga mstari wa wino mwekundu chini ya jina la mwisho, ili mtu asije akaongeza jina usiku. Nilikuwa nimeshapiga mstari na kufunika kalamu, mwavuli uko mkononi. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na moja na dakika arobaini. Magari mawili yakaingia uani. Hakimu, aliyekuwa ameshafika kwenye gari lake, akarudishwa.

Hakukuwa na mtu kwenye benchi za umma isipokuwa wanaume watatu wa suti. Mshtakiwa alikuwa kijana, labda miaka 30. Viatu havina kamba, amevikanyaga kwa nyuma kama ndara kwa sababu miguu haikuingia. Vifundo vyake vilikuwa vyeupe, ngozi imejikunja kama ya mtu aliyefua nguo kutwa nzima. Wakati ule sikuelewa ni kwa nini. Nimeelewa baadaye, niliposoma habari za maji.

Nilimsomea mashtaka kwa Kiswahili. Tulifundishwa kwamba mkalimani humtazama mshtakiwa machoni, ahakikishe ameelewa kabla ya kujibu. Mimi nilitazama miguu. Nikauliza, "Unakubali ama unakataa?" Akasema, "Ni kweli." Hakimu akaandika. Mwendesha mashtaka akasoma maelezo, akaulizwa tena, akasema tena ni kweli. Yote hayakufika robo saa. Miaka ikatajwa, akatolewa.

Mmoja wa wale wa suti akaja mezani kwangu. Akaweka kidole kwenye safu ya saa. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayeomba chumvi, "Andika saa tisa."

Na saa tisa haiwezi kukaa chini ya mstari mwekundu. Kwa hiyo nililibana jina la kijana yule juu ya mstari, kwa herufi ndogo, katikati ya wino ulioshakauka, nikaandika saa tisa alasiri. Hakuna aliyenipiga. Hakuna hata aliyenitishia. Nilikuwa naogopa kukosa matatu ya kunirudisha nyumbani.

Sijui kama alikuwa baba yako. Jioni za namna ile zilikuwa zaidi ya moja. Nilihesabu mpaka saba nikaacha kuhesabu. Baadaye, walioteswa walipoanza kuishtaki serikali, wakili mmoja alinitafuta akiulizia zile saa. Nilimwambia sikumbuki. Hilo nalo ni langu.

Jalada la kesi ya baba yako, kama halijateketezwa, wewe kama mwanawe unaweza kuliombea nakala, pamoja na ukurasa wa rejista wa siku ile. Andika barua kwa korti iliyomhukumu, taja namba ya kesi na tarehe. Ukiupata ukurasa, tafuta jina lililobanwa juu ya mstari mwekundu. Kisha itazame saba ya 1987. Saba yangu ina mkato katikati, ndivyo mwalimu wangu wa hesabu alivyotuzoesha, na makarani wenzangu hawakuwa wakiikata. Kama ina mkato, ni mkono wangu, nami nitakuja Nakuru kwa nauli yangu, nile kiapo mbele ya kamishna wa viapo kwamba haikuwa saa tisa. Namba yangu ya simu anayo mhariri.